Kutoka Bilbao hadi Bayonne: siku kumi nikifuata sarafu za Wabaski

Kwetu Tabora kuna kopo la bati ambalo babu alimwachia baba mkubwa. Ndani yake, katikati ya vifungo vya koti na stakabadhi za kodi ya kichwa, imo sarafu ya heleri ishirini ya shaba ya njano: ina taji, mwaka 1916, na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Vita vilikuwa vimewakaba Wajerumani, manowari za Waingereza zimeziba pwani, sarafu kutoka Ulaya haziji tena. Wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha kupigia pesa. Humo humo zilipigwa zile za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, zinazosakwa leo na wakusanyaji wa dunia nzima. Na sisi tukisema "sina hela", tunaitaja bado ile Heller yao.

Nimekua nikilichezea kopo hilo. Ndiyo maana niliposoma kwamba mwaka 1937 Wabaski wa kaskazini mwa Hispania, nao wamezingirwa, walitoa sarafu yenye jina la serikali yao, na kwamba ilipigwa Brussels, moyo ulinidunda. Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916, na upigaji wetu wa sarafu ukaishia hapo. Miaka 21 baadaye, Ubelgiji hiyo hiyo ndiyo iliyowapigia Wabaski sarafu zao. Nikataka kuishika hiyo ya pili kwa mkono wangu, na kuona udongo ilikotumika.

Dada yangu anaishi Bordeaux, na alikuwa akinialika kila mwaka. Safari hii nilimjibu kwamba nakuja, ila nitashukia Bilbao na kufika kwake kwa kuzunguka. Ada ya visa ilikuwa euro 90, na euro moja ilikuwa inakaribia shilingi 3,000. Nilichoandika hapa nimekitoa kwenye daftari langu, picha za simu na tiketi nilizozihifadhi.

Siku ya 1, Jumapili: Bilbao

Nilifika Jumamosi usiku, nikalala hosteli ya mji mkongwe kwa euro 28, chumba cha watu sita. Asubuhi saa nne nilikuwa Plaza Nueva, uwanja wa mraba uliozungukwa na baraza zenye matao. Jumapili asubuhi hugeuka soko: stempu, vitabu vya zamani, ndege wa kufuga, watoto wanabadilishana picha za wachezaji mpira, na meza za sarafu.

Muuzaji wa meza ya nne alikuwa mzee mwenye kofia bapa nyeusi, ile wanayoiita txapela. Kihispania changu ni cha kuombea maji, basi binti mmoja wa chuo aliyekuwa akipekua stempu akajitolea kututafsiria. Nikamwambia mzee ninachotafuta. Hakujibu. Alifungua sanduku la sigara, akatoa sarafu ya kijivu iliyo ndogo kuliko nilivyodhani, akaiweka mezani, kisha akatoa sumaku ndogo iliyoning'inia kwenye funguo zake. Sarafu ikaruka na kunata. Nikeli halisi huvutwa na sumaku, fedha haivutwi. Hivyo ndivyo anavyowahakikishia wateja kwamba si bandia ya bati laini.

Nikaitia kiganjani. Upande mmoja kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya uhuru, na maneno GOBIERNO DE EUZKADI, yaani Serikali ya Euzkadi. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, peseta 1 (pesa ya Hispania kabla ya euro), mwaka 1937. Zilipigwa za peseta moja milioni 7 na za peseta mbili milioni 10. Herufi Z katikati ya jina ni tahajia ya Sabino Arana, aliyelibuni jina hilo. Leo wengi huandika Euskadi kwa S.

Kwa nini walizihitaji? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Julai 1936, watu walificha sarafu za fedha. Mzee alisema mama yake alizifukia zake ndani ya pipa la unga. Chenji ikapotea sokoni. Njia kati ya eneo la kaskazini na Madrid zikakatwa, na serikali mpya ya Wabaski ikabaki na kazi ya kulipa mishahara, askari na mikate. Zikaja kwanza noti za Bilbao, ambazo watu waliziita "eliodoro" kwa jina la Eliodoro de la Torre, waziri wa fedha wa serikali hiyo. Kisha zikaja hizi za nikeli.

Mzee alitaka euro 12. Nilipomweleza habari ya karakana ya Tabora, binti akitafsiri taratibu, aliniuliza kama herufi T iko juu au chini ya taji. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kitambo, akaipanua kwa vidole viwili, halafu akakataa kupokea zaidi ya euro 6.

Kwa atakayekwenda: nunua kadi ya usafiri ya Barik mara tu ukifika. Yenyewe ni euro 3, unaijaza salio, na inatumika kwenye metro, tramu, mabasi na treni ndogo za mkoa huu wa Bizkaia kwa bei ya chini kuliko tiketi ya mkononi. Wawili mnaweza kutumia kadi moja.

Siku ya 2, Jumatatu: Gernika

Treni ya Euskotren, karibu saa nzima, milima ya kijani pande zote na nyumba za mawe zenye ng'ombe chini ya miti ya tufaha. Nilichagua Jumatatu kwa makusudi, kwa sababu Jumatatu ni siku ya soko Gernika tangu zamani, na tarehe 26 Aprili 1937 ilikuwa Jumatatu.

Sokoni bibi wawili walikuwa wakikaanga talo, mkate bapa wa unga wa mahindi, juu ya bamba la chuma. Niliusikia kwa harufu kabla ya kuuona. Niliomba wa jibini, euro 4, na yule mkubwa akaniongezea pilipili za kijani zilizokaangwa, zile ndogo zinazoitwa kwa jina la mji. Aliponiona naunusa na kutabasamu akauliza natoka wapi. "Tanzania," nikasema, na kwetu mahindi ndiyo maisha. Akanikatia kipande kingine bila kusema kitu.

Kutoka sokoni hadi Nyumba ya Mabaraza ni mwendo wa dakika kumi, kiingilio bure. Hapo ndipo wawakilishi wa Bizkaia walikutania kwa karne nyingi, chini ya mwaloni, na mabwana wa nchi waliapa kuheshimu sheria zao za jadi. Shina la mwaloni wa kale limehifadhiwa ndani ya kijumba chenye nguzo. Mti wa leo ni mjukuu wake, bado mwembamba. Tarehe 7 Oktoba 1936 José Antonio Agirre alikula kiapo hapa kuwa rais wa kwanza wa serikali ya Wabaski. Nilisimama na peseta mfukoni nikahesabu. Kutoka kiapo hicho hadi ndege za Kijerumani na Kiitalia, zilizowasaidia waasi wa Jenerali Franco, zilipouteketeza mji siku ya soko ni miezi sita na nusu. Hadi Bilbao ilipoanguka, tarehe 19 Juni 1937, ni miezi minane na ushee. Mti na nyumba hii vilisalimika.

Kila sarafu niliyowahi kuisoma ilinifikia ikiwa na mamlaka nyuma yake: mfalme, benki, jeshi. Hii ilitolewa na watu waliojua kwamba ardhi inawaponyoka, na bado wakahakikisha kwamba mwanamke anayenunua maharage anapata chenji yenye jina lao. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe mpaka mvua ya rasharasha, wanayoiita sirimiri, ikaniondoa.

Makumbusho niliyoitaka zaidi ilikuwa imefungwa. Jumatatu makumbusho nyingi za huko hufungwa, basi pangeni siku mbili kama mnataka soko na makumbusho vyote.

Siku ya 3, Jumanne: nakwama Bergara

Basi la kwenda Oñati nililopanda halikufika Oñati. Nilisoma vibaya ubao, nikashushwa Bergara, na lililofuata lilikuwa baada ya saa moja na nusu. Mvua sasa haikuwa rasharasha tena. Mama mwenye duka la viatu akaniona nimejibanza mlangoni, akanivuta ndani, akanipa kiti na taulo. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinionyesha kwa ishara jengo la ng'ambo na kusema "wolframio, wolframio" mara kadhaa, mpaka nikakumbuka.

Katika seminari ya Bergara, mwaka 1783, ndugu wawili Juan José na Fausto Elhuyar walikuwa watu wa kwanza kuitenga wolframu, madini ambayo wengine huiita tangsteni na ambayo leo inachimbwa hata Rwanda. Miaka michache baadaye, mji huu huu, Mfaransa Pierre-François Chabaneau aliweza kuifanya platini ifulike kwa nyundo. Ukiwa mtu wa sarafu, madini hayo mawili yanakukaa kichwani, maana yote mawili ni maadui wa dhahabu. Karne ya 19 matapeli walipiga sarafu za Kihispania kwa platini na kuzipaka dhahabu juu, kwa sababu platini wakati huo ilikuwa rahisi na nzito. Leo hao hao, au wajukuu wao, hujaza vipande vya dhahabu kwa wolframu, kwa sababu uzito wake kwa ujazo ule ule karibu unalingana na wa dhahabu, mizani inadanganyika.

Basi lilipokuja, mama yule alinipa mwavuli. Nilijaribu kuurudisha, akaufungua mwenyewe na kunishikisha.

Siku ya 4, Jumatano: Oñati

Oñati ni mji mdogo chini ya milima ya Aizkorri. Ukitoka stendi, kitu cha kwanza kinachokusimamisha ni Chuo Kikuu cha Sancti Spiritus, cha karne ya 16, ukuta wake wa mbele umejaa sanamu za mawe. Katika Vita vya Wakarlisti, wafuasi wa Carlos VII, aliyedai kiti cha ufalme wa Hispania, walishika sehemu kubwa ya nchi hii na kuiendesha kama dola kamili: posta, chuo, na sarafu. Mwaka 1875 Oñati ilipiga sarafu za shaba za senti 5 na 10 zenye uso wa mfalme huyo ambaye hakuwahi kutawala Madrid. Mwaka uliofuata vita viliisha na Carlos akavuka mpaka kwenda Ufaransa.

Niliagiza kimanda cha viazi na kahawa kwenye baa iliyo karibu na kanisa la San Miguel, euro 4 na senti 60. Mwenye baa alipojua nilichofuata, akapiga simu. Baada ya nusu saa akaingia babu mmoja na bahasha. Ndani kulikuwa na senti 10 ya 1875, nyeusi kwa umri, kubwa kama shilingi yetu ya zamani ya mkoloni, ukingo wake umelika upande mmoja. Aliniachia niishike kwa muda mrefu. Shaba hushika harufu ya mkono. Ukiisugua kidogo inanuka kama funguo za mlango wa zamani. Ilikuwa ya babu wa babu yake, aliyelipwa kwayo kwa kubeba unga wa jeshi. Vita vilipoisha aliambiwa ni chuma chakavu, naye hakuitupa.

Babu ndiye aliyenifundisha majina. Sarafu za kawaida za Hispania za 1870 zilikuwa na simba, lakini simba yule alichorwa vibaya kiasi kwamba watu walimwona mbwa. Wabaski wakaita senti 5 "txakur txiki", mbwa mdogo, na senti 10 "txakur handi", mbwa mkubwa. Peseta 5 waliziita "ogerleko", kutoka hogei, ishirini, kwa sababu zilikuwa sawa na reale ishirini. Nikamwambia kwetu shilingi tano ni "dala", na kwamba neno lake reale hata bibi zetu wa pwani walilitumia kwa sarafu kubwa za fedha. Alicheka, akamwambia mwenye baa asinitoze kahawa ya pili.

Kwa wasiokula nguruwe: huku jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, huwekwa hata kwenye vyakula usivyovidhania, mboga na supu zikiwemo. Sema "txerririk gabe", bila nguruwe, kwa Kibaski, au "sin cerdo" kwa Kihispania, na uulize kabla ya kuagiza. Kimanda cha viazi, samaki na jibini ya Idiazabal vilinibeba safari nzima.

Siku ya 5, Alhamisi

Mabasi mawili, mahandaki mengi, jioni nipo Pamplona. Kitanda euro 25.

Siku ya 6, Ijumaa: Pamplona

Wabaski wanauita mji huu Iruñea. Kwa karne nyingi ulikuwa makao ya wafalme wa Navarra, na hao ndio Wabaski waliopiga sarafu muda mrefu kuliko wote.

Nilianzia Makumbusho ya Navarra, ndani ya hospitali ya zamani, kiingilio euro 2. Kwenye kabati la kioo nilizikuta nilizozingoja tangu nyumbani: dinari za fedha za karne ya 2 na ya 1 KK. Upande mmoja kichwa cha mwanamume mwenye ndevu na neno "benkota" nyuma yake. Upande mwingine mpanda farasi ameinua upanga, na chini ya kwato, kwa herufi za Kiiberia, mwandiko wa kale wa Hispania, "barskunes". Hapo ndipo koo likanikauka. Wengi huliona neno hilo kuwa ni Wavaskoni wenyewe, watu walioitwa hivyo na waandishi wa Kirumi; wengine hulipinga na kulifanya jina la mji au la asili ya Kikelti. Mabishano hayo yana umri wa zaidi ya karne. Mimi mpanda farasi nilimtazama kwa lenzi mpaka mlinzi akasogea kuona kama nimepatwa na jambo. Nywele za farasi zimekatwa moja moja. Mtu aliinama juu ya chapa ya chuma, kinyumenyume, akachora kila unywele, ili jirani apige nyundo juu yake mara elfu kadhaa.

Sarafu hizo nyingi zinahusishwa na vita vya Sertorius, jenerali wa Kirumi aliyeasi na kupigana Hispania kuanzia mwaka 82 hadi 72 KK. Askari hulipwa fedha, na fedha ililipwa kwa sarafu. Adui yake Pompey alipiga kambi ya baridi kwa Wavaskoni mwaka 75 kuingia 74 KK, na Pompaelo, mji huu, umechukua jina lake.

Mchana nilikwenda Cámara de Comptos, jengo la kigothi la karne ya 13 kwenye mtaa mwembamba wa Ansoleaga. Taasisi yenyewe iliundwa 1365 na Carlos II kukagua hesabu za ufalme, na jengo hili liliwahi pia kuwa nyumba ya kupigia sarafu. Ua wake una kisima na kimya cha ajabu. Nilijaribu kuisikia kazi ya zamani: kipande cha madini kinawekwa juu ya chapa iliyochomekwa kwenye gogo, chapa ya pili inawekwa juu, nyundo inashuka. Karne ya 12 wafalme walioitwa Sancho walipiga dinari ndogo zenye fedha kiasi na shaba nyingi, upande mmoja uso wa mfalme, upande mwingine jina la Navarra. Watu waliziita "sanchete".

Sheria ya jadi ya Navarra ilitaka mfalme mpya asimame juu ya ngao yake, wakuu wa nchi waiinue huku wakipaza sauti "Real, Real, Real", kisha awarushie watu sarafu zake. Niliisoma habari hiyo nikiwa ndani ya kanisa kuu, mbele ya kaburi la Carlos III na Leonor, lililochongwa na Jehan Lome kwa alabasta nyeupe. Nilimwazia Carlos akiyumba juu ya ngao, mabega ya watu chini yake, dinari zikidunda kwenye mawe na watoto wakizigombea.

Hispania ilipoiteka Navarra 1512, ufalme haukufutwa. Uliendelea na baraza lake, forodha zake na sarafu zake, na namba zake za wafalme. Kwenye duka la vitu vya kale nilinunua kwa euro 15 sarafu ya shaba ya maravedi 3 ya Pamplona, imelika lakini inasomeka: FERDINANDUS III, mfalme wa Navarra. Huyo huyo Madrid alikuwa Fernando VII. Kwenye shaba ya nchi hii hakuruhusiwa kuwa wa saba, kwa sababu Navarra ilihesabu wafalme wake yenyewe. Mpaka 1833 alipofariki aliendelea kuwa wa tatu. Mwaka 1841 ufalme ukafanywa mkoa.

Siku ya 7, Jumamosi: kilima cha Irulegi

Teksi hadi kijiji cha Lakidain, euro 22, kisha kupanda kwa miguu karibu saa nzima. Juu kuna magofu ya ngome ya enzi za kati, na chini yake kidogo kijiji cha Enzi ya Chuma kilichochomwa moto wakati wa vita vya Sertorius. Hapo mwaka 2021 wachimbaji walipata mkono wa shaba nyeusi, kipande bapa chenye vidole vitano, na Novemba 2022 ukatangazwa: juu yake kuna maandishi, neno la kwanza likisomwa "sorioneku", linalofanana na "zorioneko" la Kibaski cha leo, lenye bahati njema.

Kwa mtu wa sarafu kuna jambo zaidi. Kati ya alama za mkono huo imo moja yenye umbo la T, isiyokuwemo kwenye Kiiberia cha kawaida, na kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kwenye sarafu za eneo hili la Wavaskoni. Sarafu ndizo zilizowasaidia wataalamu kusema kwamba watu wa hapa walikuwa na namna yao ya kuandika. Nilikaa juu ya jiwe nikala mkate na jibini, upepo ukinipiga, nikiiwaza T ya hapa na T ya kopo letu.

Kurudi hakukuwa na teksi. Kijana mwenye baiskeli alimpigia baba yake, akaja na gari, akanishusha hadi stendi, akakataa pesa. Beba maji ya kutosha. Juu hakuna duka.

Siku ya 8, Jumapili: kuvuka mpaka

Basi la asubuhi kupitia Roncesvalles hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, nusu ya abiria wakiwa mahujaji wa Santiago wenye fimbo na miguu iliyofungwa bendeji. Ukungu ulifunika kila kitu. Upande wa Ufaransa, Jumapili, basi la kwenda Saint-Palais halipo. Nilisimama barabarani saa moja na robo, ndipo mama mmoja mwenye gari lililojaa maboksi ya jibini ya kondoo akasimama. Boksi moja nililipakata mapajani njia nzima.

Saint-Palais, kwa Kibaski Donapaleu, upo Navarra ya Chini, kipande cha ufalme ambacho Hispania haikuweza kukishikilia. Mji huu mdogo ulikuwa na kiwanda cha sarafu cha wafalme wa Navarra, na kiliendelea hata baada ya Pamplona kupotea. Henri wa Navarra alipokuwa Henri IV wa Ufaransa mwaka 1589, alipigiwa sarafu huku zenye minyororo ya nembo ya Navarra na maneno ya Kilatini GRATIA DEI SVM ID QVOD SVM: kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo. Ni maneno ya Paulo kwa Wakorintho. Tangu hapo wafalme wa Ufaransa walijiandika kwenye fedha zao FR. ET NAV. REX, mfalme wa Ufaransa na Navarra. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya mia mbili falme mbili, Paris na Madrid, zilipiga sarafu zikidai nchi hiyo hiyo moja.

Mtaani nilitazama Maison des Têtes, nyumba yenye vichwa vya watu vilivyochongwa ukutani. Mji ulikuwa umelala kabisa. Chakula cha jioni kilikuwa mkate na kipande cha jibini alichoniachia yule mama.

Siku ya 9 na ya 10: Bayonne

Basi la Jumatatu asubuhi, mchana nipo Bayonne, mto Nive ukipita katikati ya nyumba nyembamba zenye madirisha mekundu na ya kijani. Sarafu za Bayonne huzitambua kwa herufi moja. François I alipozipa nyumba za kupigia sarafu za Ufaransa herufi mwaka 1540, Bayonne ilipewa L, na iliendelea kuipiga mpaka miaka ya 1830. Muuza sarafu aliye karibu na kanisa kuu alinionyesha écu ya fedha ya Louis XV na kuniwekea lenzi juu yake: chini kabisa ya ngao, L ndogo kama punje ya ufuta. Bayonne ilipiga fedha nyingi kwa sababu iko mpakani. Reale nane za Hispania, fedha ya Mexico na Potosí, zilivuka mlima, zikaingia tanuri, zikatoka na uso wa mfalme wa Ufaransa. Alitaka euro 95. Niliipiga picha tu.

Jumanne, chini ya matao ya Rue Port-Neuf, niliingia kunywa chokoleti ya moto. Mtu aliyekuwa mbele yangu alilipa kwa noti nisiyoijua. Ilikuwa eusko. Tangu Januari 2013 Wabaski wa upande wa Ufaransa wana noti zao za mitaa, eusko moja sawa na euro moja. Ukibadilisha euro zako, asilimia 3 inakwenda kwa chama cha kijamii unachokichagua. Mwenye duka akitaka kuzirudisha kuwa euro anakatwa asilimia 5, basi naye huzitumia kwa mkulima jirani, na pesa inazunguka hapo hapo. Wanachama ndio wanaozitumia, hivyo sikuweza kuzinunua hivi hivi. Nilimweleza dada wa kaunta nilikotoka na nilichofuata. Alifungua pochi yake mwenyewe, siyo sanduku la duka, akatoa noti ya eusko 1, akanipa. Nilimpa euro moja, akairudisha mezani upande wangu.

Bila nauli ya ndege na visa, siku hizo kumi zilinila euro 612: malazi 251, usafiri 148, chakula 171, na zilizobaki ni za viingilio na sarafu. Treni ya kwenda kwa dada yangu Bordeaux ilichelewa dakika 40.

Tabora nilifika mwezi uliofuata. Baba mkubwa aliweka miwani, akaisoma peseta herufi moja moja, akauliza serikali hiyo ilidumu muda gani. Nikamwambia nchini mwake haikufikisha mwaka, na uhamishoni ilidumu mpaka 1979. Akatikisa kichwa. Alitoa heleri kwenye kopo, akaziweka zote mbili juu ya kitambaa cha meza, akazitazama upande huu na upande ule, kisha akazitia ndani pamoja na kukifunga kifuniko.